Barakoa ya Picha na Msitu wa Mgori

Neno "uwazi" liliingia katika siasa zetu kwa kishindo mwaka 1995, Benjamin Mkapa alipoingia madarakani na kaulimbiu ya "Ukweli na Uwazi". Mwaka uliofuata, Oktoba 1996, ulitolewa rasmi muundo wa picha wa PNG, uliowapa watengenezaji wa tovuti uwazi wa aina nyingine: uwazi wa pikseli. Mimi ni mwalimu wa historia, si mtaalamu wa kompyuta. Hata hivyo, nilizikuta historia hizo mbili zimekaa pamoja nilipokuwa nikitengeneza na wanafunzi wangu ramani ya mtandaoni ya msitu wa Mgori, mkoani Singida.

Mbinu yenyewe ina umri wa karibu nusu karne. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Ed Catmull na Alvy Ray Smith, wakiwa New York Institute of Technology, waliziongezea rangi tatu za kila pikseli namba ya nne, wakaiita alfa. Mwaka 1984 Thomas Porter na Tom Duff waliandika kanuni za kuunganisha picha kwa namba hiyo. Aghalabu huanzia 0 hadi 255. Ikiwa 0, picha ya juu haionekani. Ikiwa 255, huifunika kabisa ya chini. Ikiwa kati, rangi za picha zote mbili huchanganyika kwa uwiano. Barakoa ni picha ya tatu, yenye nyeusi, nyeupe na kijivu, inayoamua kila sehemu ipewe uwazi kiasi gani.

Sisi tuliweka picha ya setilaiti chini na tabaka la kijani la msitu juu. Barakoa tuliichora kwa kufuata mpaka wa nje: ndani nyeupe, nje nyeusi. Ramani ikapendeza. Ndipo mwanafunzi mmoja, mzaliwa wa Singida, akauliza: "Dokta, mashamba na njia za ng'ombe zimekwenda wapi?"

Hazikuwa zimekwenda popote. Pikseli zake zilikuwa palepale chini. Sisi ndio tulioamua zisionekane.

Swali lile lilinirudisha kwenye historia ya msitu wenyewe. Mgori ni miombo ya zaidi ya hekta 40,000. Mpango wa awali ulikuwa kuufanya hifadhi ya serikali, kwa mtindo tuliourithi kwa wakoloni: mstari huchorwa ofisini, na aliyekutwa ndani yake huitwa mvamizi. Katikati ya miaka ya 1990, kwa kufuata mfano wa Duru-Haitemba wilayani Babati, vijiji vitano vinavyopakana na msitu vilipewa dhamana ya kuusimamia. Wanavijiji waliikagua mipaka kwa miguu, wakakubaliana na majirani, kila kijiji kikashika sehemu yake, kikaweka kanuni zake na kuteua walinzi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ziliipa njia hiyo msingi imara zaidi.

Barakoa yetu ya nyeupe na nyeusi, kwa hiyo, ilikuwa imerudia ramani ya zamani bila sisi kukusudia. Ilimjua mwenye msitu na mvamizi tu. Haikumjua mwanakijiji anayeulinda msitu huohuo anaookotea kuni na kutundikia mizinga. Tuliichora upya, maeneo ya matumizi tukayapa kijivu, kisha tukaweka kitufe cha kumwezesha mtazamaji kupunguza tabaka la kijani mwenyewe hadi aione ardhi yote.

Leo picha za setilaiti huletwa hadi kwenye mikutano ya vijiji kuonyesha mpaka wa hifadhi au mradi. Anayeileta ramani si lazima awe mwongo. Huenda hata hajui barakoa iliyotumika. Lakini kabla mwenyekiti hajagonga muhuri, wananchi waombe tabaka la juu liondolewe kwanza, na aliyechora barakoa aeleze alichokifunika. Huo ndio uwazi ninaouelewa.