Santuri, Kanda na Muziki wa Giza: Historia ya Kusikiliza Albamu Mpya Katika Kisiwa cha Mombasa

Kiswahili kilipohitaji jina la sahani nyeusi iliyobeba sauti ya mtu asiyekuwepo, kilichukua jina la ala ya nyuzi ya Waajemi na Waarabu, santuri, ambayo hupigwa kwa vijiti viwili vyepesi, kikaliacha litaje sahani hiyo na hata mashine iliyoizungusha. Kuhama huko kwa jina kunadokeza kwamba kwa watu wa Mwambao sahani ilihesabiwa kuwa ala kamili, yenye mpigaji wake na hadhira yake, na kwamba aliyeketi kuisikiliza alijiona amehudhuria muziki. Historia ya mazoea hayo ya kuketi na kusikiliza kipya imeandikwa kidogo mno kuliko historia ya waimbaji, ingawa bila wasikilizaji wenye masikio makali Mombasa isingekuwa mji wa muziki uliosifika tangu Lamu hadi Unguja.

Gramafoni ziliingia kisiwani kwa njia ileile iliyoleta vitambaa, taa na cherehani, yaani kupitia bandari na maduka ya wafanyabiashara, wengi wao wenye asili ya Bara Hindi. Sahani za mwanzo zilizosikika mabarazani zilikuwa za lugha za mbali, hasa nyimbo za Misri na za Bara Hindi, nazo zilisikilizwa kwa bidii na watu ambao wengi wao hawakuelewa maneno yake yote. Mwaka 1928 mambo yaligeuka, pale mwimbaji Siti binti Saad na wenzake walipotoka Unguja kwenda Bombay kurekodi kwa ajili ya kampuni ya HMV, na sauti ya Kiswahili ikarudi Mwambao ikiwa imechorwa katika mifuo ya sahani. Tangu hapo msikilizaji wa Mvita, yaani Mombasa kwa jina lake la kale, aliweza kusubiri nyimbo mpya za lugha yake kama alivyosubiri barua.

Inafaa kuitazama kwa karibu kazi iliyohitajika ili wimbo mmoja usikike. Sahani za wakati huo, zilizozunguka mara 78 kwa dakika, zilitengenezwa kwa utomvu mgumu unaotolewa na wadudu wadogo wa Asia, na kwa hiyo zilikuwa nzito na zilivunjika kama kigae. Gramafoni ilitiwa ufunguo kwa mkono ili kamani yake ikaze, sindano ya chuma ikafungwa, mkono wa mashine ukateremshwa polepole hadi mfuo wa kwanza, na kabla ya ala yoyote kulia ukasikika mvumo wa sahani, mkwaruzo mpana unaofanana na mvua juu ya makuti. Baada ya dakika tatu hivi upande ulikwisha, na sindano, ambayo ilikuwa imekwisha kuwa butu, ilipaswa kubadilishwa. Shairi refu liligawanywa pande mbili, hivyo kwamba katikati ya wimbo palikuwa na kimya cha lazima ambacho wasikilizaji walikijaza kwa mjadala. Mvumo ule haukuwa muziki, lakini kizazi kizima kilijifunza kusikia muziki kupitia ndani yake, na jambo hili lina uzito litakapofikiwa suala la muziki wa leo.

Mjadala wenyewe ulihusu maneno. Taarab ni sanaa ya fumbo, yaani kauli yenye maana ya juu inayofunika maana ya ndani, na wimbo mpya ulipofika mjini watu waliuliza kwanza umetungwa na nani, umemlenga nani na jibu lake litatoka wapi. Albamu haikusikilizwa na mtu mmoja. Ilisikilizwa barazani au ukumbini, ikarudiwa, ikasimamishwa, ikabishaniwa, na aliyekuwa na mashine alikuwa na wajibu wa kufungua dirisha. Sifa kubwa ya usikilizaji wa Mombasa, ambayo pia ni mpaka wake, ni kwamba sikio lilizoezwa kuwinda maana katika lafudhi, na sauti tupu isiyo na maneno ilichukuliwa kuwa kiti cha kukalia shairi.

Hata hivyo sauti tupu haikukaa kimya. Duka la Assanand na Wanawe la Mombasa, kupitia lebo yake ya Mzuri, lilitoa sahani ndogo zilizohifadhi miaka ya fahari ya taarab ya kisiwa: udi wa Zein l'Abdin, kinanda cha Matano Juma, na uimbaji wa Juma Bhalo uliofuata sauti za filamu za Kihindi huku ukibeba mashairi ya Kimvita, yakiwemo ya jamaa yake Ahmed Nassir. Ndani ya sauti hizo iliingia taishokoto, ala ya Kijapani yenye nyuzi na vibonyezo kama vya taipureta, iliyobuniwa Nagoya mwaka 1912, ambayo mafundi wa Mombasa waliifunga kinasa umeme na kuiunganisha na spika. Katika rekodi za Zuhura Swaleh mlio wake ni wa bati na waya, mkali, wenye kingo, na hauombi radhi kwa umeme unaoupitia. Mtu anayedai kwamba sauti ya mashine ni ugeni katika masikio ya Mvita hajaisikiliza taishokoto kwa makini.

Kampuni ya Philips ilionyesha kaseti kwa mara ya kwanza mwaka 1963, na kaseti ilipofika Mombasa ilivunja utawala wa sahani. Mbwana Radio Service, duka lililokuwa mashuhuri kwa wapenzi wa taarab, lilinasa na kuuza kanda, na muziki wa arusini ukaweza kusikika mtaa wa pili siku chache baada ya sherehe. Kanda ilipojikunja mashineni ilitolewa kwa subira na kuzungushwa tena kwa penseli, na kila nakala iliyotolewa juu ya nakala ilizidisha mvumo na kuizika sauti ya mwimbaji chini kidogo.

Katika miaka hiyohiyo, mbali na Mwambao, kaseti ilikuwa ikifanya kazi inayofanana kwa njia ya kustaajabisha. Mwaka 1976 kundi la Throbbing Gristle la Uingereza lilianzisha lebo iliyoupa jina muziki wa viwanda, yaani muziki unaotumia kelele za mitambo, kanda zilizokatwa na kuungwa upya, na umeme ulioachwa ulie wenyewe, kwa imani kwamba jamii iliyojengwa na kiwanda inapaswa kuisikia sauti yake bila pambo. Mzizi wa wazo hilo ni wa zamani zaidi, kwa kuwa mwaka 1913 mchoraji wa Italia, Luigi Russolo, alikwisha kutetea kelele kuwa mali halali ya mtunzi. Kando ya muziki huo ulikua ule uitwao ambienti, muziki uliokusudiwa kuenea chumbani kama hewa, ambao mtunzi Brian Eno aliutolea albamu ya viwanja vya ndege mwaka 1978. Pale mito hiyo miwili ilipokutana pakazaliwa ambienti ya giza, yenye mivumo mizito ya kina, isiyo na mdundo wala maneno, ambayo albamu ya msanii Lustmord ya mwaka 1990, Heresy, huhesabiwa miongoni mwa nguzo zake. Wapenzi wa muziki huu nao walipelekeana kaseti kwa posta, walinakili juu ya nakala, na walikubali mvumo wa kanda kuwa sehemu ya kazi.

Afrika Mashariki haikubaki msikilizaji tu. Lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, ambayo jina lake limeihifadhi kanda, ilitoa mwaka 2020 albamu ya Duma, kundi la vijana wawili wa Nairobi, Martin Khanja na Sam Karugu. Msomaji wa Kiswahili hudhani kundi hilo limechukua jina la mnyama mwenye mbio, lakini katika Kikuyu duma ni giza. Khanja, kwa jina la Lord Spikeheart, alitoa mwaka 2024 albamu yake The Adept, akimuenzi bibi yake mkuu, Muthoni wa Kirima, aliyekuwa kiongozi wa Mau Mau msituni, na kwa hiyo ukali wa sauti zake una nasaba ya Kenya isiyohitaji kuthibitishwa na Ulaya. Joseph Kamaru, ajulikanaye kama KMRU, mjukuu wa mwanamuziki mashuhuri wa Kikuyu mwenye jina hilohilo, alifuata njia ya utulivu zaidi: Peel ya mwaka 2020 inatembea polepole kama ukungu, na katika Natur ya mwaka 2024 alinasa mawimbi ya sumaku ya vifaa vya umeme ambayo sikio tupu haliyapati.

Kwa msikilizaji wa Ganjoni, mtaa wa kusini mwa kisiwa unaoelekea Mbaraki, albamu kama hizo hazifiki tena dukani. Hufika katika simu, na husikilizwa kwa spika za masikioni, na mtu wa kiti cha pili hajui kinachosikika. Hasara hiyo ni ya kweli, na haifidiwi na wingi wa albamu zipatikanazo. Baraza lililosimamisha sahani ili libishane juu ya beti lilikuwa shule, na muziki wa giza, ambao hauna beti, unaihitaji shule hiyo kuliko taarab ilivyoihitaji, kwa sababu hapa hakuna neno la kushika na maana haina budi kutafutwa katika uzito wa mvumo, umbali wake na namna unavyokwisha. Kisiwa kinampa msikilizaji huyo maandalizi mema. Reli ilianza kujengwa kutoka hapa mwaka 1896, gati za Kilindini hazilali, feri za Likoni zimekuwa zikivuka tangu 1937, na usiku wa manane honi ya meli hupita juu ya mapaa ya Ganjoni kwa sauti nzito ya aina ileile ambayo watunzi wa Ulaya huijenga kwa mashine. Atakayeisikiliza Peel dirisha likiwa wazi atashindwa kutambua mara moja mahali albamu inapokoma na bandari inapoanza, na kushindwa huko ndiko kuusikia vizuri muziki huu.

Mwaka 2022 KMRU alitoa Temporary Stored, aliyoitunga kutokana na rekodi za Afrika zilizohifadhiwa katika jumba la makumbusho la Tervuren nchini Ubelgiji, na kazi hiyo inauliza kwa nini Mwafrika alazimike kubisha hodi ugenini ili asikie sauti za kwao. Swali hilo lina jibu la karibu zaidi Mombasa, ambako sahani na kanda nyingi zimo majumbani, juu ya makabati na chini ya vitanda, katika hewa ya chumvi inayootesha ukungu juu ya utepe. Mwenye sanduku la namna hiyo asilitupe wala asimuuzie mpita njia kwa bei ya plastiki. Na alifungue mbele ya vijana wa nyumba, azipige kanda hizo pamoja na mvumo wake wote, kisha awape nafasi nao wapige walicholeta katika simu zao.