Vizibo Kumi na Kimoja

Mama yangu alikuwa akipika kashata, za njugu na za nazi, na kuzifikisha kwenye kijiwe cha kahawa ilikuwa kazi yangu. Tulikaa Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Kwa mguu, bila haraka, ulifika Msimbazi yalipo makao ya Simba, na ukigeukia upande wa pili ulifika Twiga na Jangwani, kwa Yanga. Baba alikuwa Yanga. Mdogo wake, ambaye sisi tulimwita baba mdogo na mtaa mzima ulimwita fundi kwa sababu ya cherehani yake, alikuwa Simba, na hata miaka ya themanini akihamaki alisema Sunderland, jina la klabu kabla ya 1971. Ndugu hao wawili walikaa benchi moja kila alasiri. Mimi nikishatua kashata niliambiwa, "Binti, kaa hapo usubiri sinia la mama yako." Nikasubiri sinia hilo kwa miaka, na kwa kusubiri huko nikaujua mpira kabla sijakanyaga uwanjani.

Naandika habari za mabishano ya benchi lile kwa sababu mpira wetu umeandikiwa matokeo na makombe, na waliokuwa wakibishana hawamo. Yanga ni ya 1935, Simba ya 1936. Katika umri wote huo marais wamepita, makocha wamepita, Uwanja wa Taifa umejengwa na baadaye ukajengwa mwingine kando yake, lakini swali moja halijaondoka Kariakoo: nani aanze namba tisa?

Muuza kahawa wetu alikuwa na kopo la maziwa ya unga lililojaa vizibo vya soda. Siku ya mechi kubwa alifagia ardhi kando ya dele lake, akavimwaga, akachagua kumi na kimoja. Alivipanga kama alivyofundishwa ujanani: kimoja nyuma, viwili mbele yake, kisha vitatu, kisha vitano kwa mstari mmoja. Wazee wakavitaja bila kufikiri. Golikipa. Fulubeki wawili. Mahafu watatu. Mbele kabisa winga, insaidi, sentafowadi, insaidi, winga. Mpangilio ule ulikuja na Waingereza, na namba za jezi ziliufuata: mbili na tatu kwa fulubeki, nne hadi sita kwa mahafu, saba hadi kumi na moja kwa washambuliaji, tisa akiwa katikati yao. Kizibo cha tisa alikilaza chali, ili jicho likipate upesi.

Mimi nimekuwa nikiviona vizibo vile vikihama. Hafu wa kati, namba tano, alivutwa nyuma akawa beki, na namba nne akaenda kusimama ubavuni kwake. Sita akabaki mbele yao akikaba, nane akawa kiungo wa kupandisha mashambulizi. Kukawa na winga anayerudi katikati kusaidia, wakamwita winga teleza, jina ambalo mpaka leo nikilisikia naona mguu unavyoteleza kweli kutoka kwenye chaki ya pembeni. Namba zikaacha kuwa za jezi zikawa majina ya kazi. Ndiyo maana Meddie Kagere alivaa 14 mgongoni na John Bocco akavaa 22, na hakuna shabiki wa Simba aliyeona ajabu kusema wote wawili ni namba tisa. Mgeni asiyejua atadhani tumekosea hesabu. Sisi tunasoma kazi ya mtu, kitambaa ni kitambaa.

Mabishano yale yalikuwa na adabu yake, na hiyo ndiyo sehemu ninayoona inasahaulika. Aliyekwenda uwanjani husema kabla ya aliyesikiliza redioni. Mkubwa hakatizwi, lakini akishamaliza mdogo anaruhusiwa kumpinga, mradi aanze na "Shikamoo mzee, ila hapo sikubaliani." Huwezi kumtoa mchezaji bila kusema unamweka nani. Na huwezi kumlaumu namba tisa kabla hujasema amepata mipira mingapi.

Sheria hii ya mwisho ilikuwa ya baba mdogo. Mfukoni hakukosa chaki ya kupimia nguo, ile bapa yenye ncha kali. Mechi ikitangazwa na Redio Tanzania alikaa mwisho wa benchi, na kila mpira safi uliomfikia sentafowadi aliuchorea mstari mmoja kwenye ubao wa benchi. Pasi iliyopotea haikuhesabiwa. Krosi iliyopita juu ya kichwa haikuhesabiwa. Filimbi ya mwisho ikilia na watu wakianza kupiga kelele kwamba fulani hafai, yeye alionyesha benchi kwa kidole. "Mitatu. Mlimpa mipira mitatu. Mnataka azae na nani?" Mara nyingi kelele zilikatika hapo hapo, na maneno yakahamia kwa winga.

Tarehe 19 Julai 1977 Simba walimfunga Yanga mabao 6-0. Nilikuwa na miaka kumi. Abdallah Kibadeni alifunga matatu peke yake, na mpaka leo hakuna mwingine aliyewahi kufanya hivyo katika mechi ya watani. Jumanne Hassan "Masimenti" aliongeza mawili, na moja Yanga walijifunga wenyewe. Baba alirudi nyumbani akala kimya. Kesho yake alikwenda kijiweni kama kawaida, jambo ambalo namheshimu nalo hadi leo, akakaa pale pale pembeni ya mdogo wake, akasubiri zamu yake. Ilipofika hakuzungumzia washambuliaji. Alisema Yanga ilikuwa imepasuka, wachezaji wake wakubwa wameondoka na kuunda Pan African mwaka uliotangulia, na timu iliyokatwa nusu haiwezi kulaumiwa mbele wala nyuma. Baba mdogo angeweza kumcheka. Badala yake alichukua vizibo, akaondoa kimoja kimoja vya wale waliokwenda Pan, akasema, "Kaka, hapo kweli." Kisha akaongeza kwamba hata hivyo Kibadeni angefunga, na hapo wakaanza upya mpaka magharibi.

Mwaka 1979 benchi lote lilikuwa upande mmoja, jambo lisilo la kawaida. Taifa Stars ilikuwa imeifunga Zambia 1-0 hapa nyumbani na ilihitaji kunusurika Ndola. Kabla ya mechi walibishana wiki nzima nani asimame mbele, wengine wakitaka mwenye mbio, wengine wakitaka mwenye kifua cha kuumiliki mpira hadi wenzake wafike. Peter Tino ndiye aliyesawazisha, ikawa 1-1, tukaenda Nigeria katika fainali za Afrika za 1980. Nakumbuka ubao wa benchi siku ile kuliko sauti ya redio. Ulikuwa na mistari minne tu. Baba mdogo hakuwa na maneno. Aliuchora wa mwisho mara mbili, ukawa mnene kama mshono. Muuza kahawa hakumdai mtu senti jioni ile. Tulingoja hadi 2019 kurudi kwenye fainali hizo, miaka 39, na fundi hakuwahi kuiona siku hiyo.

Wale wazee waliwajua washambuliaji wao kwa sura. Mchezaji alipita Kariakoo kununua ndala, akaitwa, akapewa kikombe cha kahawa chungu na kuulizwa kwa upole kwa nini Jumapili hakuruka kwenye ile kona. Alijibu. Nimemsikia mmoja akijibu akiwa amesimama, mikono nyuma, kama mtoto mbele ya wajomba. Ukiishi karibu hivyo na mtu humtukani ovyo, kwa sababu kesho utakutana na mama yake sokoni.

Hilo lilipungua polepole. Naona dalili zake hata katika fainali ya Kombe la CAF ya 1993, Simba walipotoka 0-0 Abidjan na Stella kisha wakafungwa 2-0 hapa hapa, Uwanja wa Taifa. Nilikuwapo. Usiku ule nilisikia lawama zisizo na hesabu ya mipira, lawama za jina tu, na nikamwona baba mdogo ameshika chaki yake bila kuitumia.

Baadaye wakaja wafungaji kutoka nje, nao walitufundisha mengi. Amissi Tambwe, Mrundi, alikuwa mfungaji bora wa ligi akiwa Simba msimu wa 2013/14 kwa mabao 19. Mwishoni mwa 2014 akavuka kwenda Yanga, na msimu wa 2015/16 akafunga 21. Kijiweni kwetu watu wa Simba walikuwa wamesema hana mbio. Ni kweli hakuwa nazo. Alikuwa na kichwa, na Yanga walikuwa na krosi. Kagere alitoka Gor Mahia akafunga 23 msimu wake wa kwanza, kisha 22. Msimu wa 2020/21 Simba ilikuwa na Bocco, Chris Mugalu na Kagere kwa nafasi moja, na sijawahi kusikia ubishi mzuri kama ule, kwa sababu hakuna aliyekuwa na kosa. Bocco akamaliza mfungaji bora kwa mabao 16, na ndiye aliyefunga mawili siku Kaizer Chiefs walipolala 3-0 Dar es Salaam, ingawa walikuwa wameshatupiga 4-0 kwao. Kisha Yanga wakamleta Fiston Mayele kutoka Congo, na watoto wa mtaa mzima, hata wa nyumba za Simba, wakawa wanatetema kama yeye akifunga. Alimaliza na mabao saba katika Kombe la Shirikisho la 2022/23, mfungaji bora wa mashindano, na Yanga ikakosa kombe kwa bao la ugenini tu mbele ya USM Alger.

Alipoondoka kwenda Pyramids, watu walisema Yanga imekwisha. Msimu uliofuata mfungaji bora wa ligi akawa Stephane Aziz Ki wa Yanga, mabao 21, naye ni namba kumi. Mwaka mmoja baadaye akawa Jean Charles Ahoua wa Simba, mabao 16, naye pia ni kiungo. Vijana wananiambia namba tisa amekufa. Sikubali. Mabeki wawili wa kati wangemfuata Aziz Ki kama hakungekuwa na mtu wa kuwashika kule mbele; anayewashika haandikwi kwenye orodha ya wafungaji, lakini fundi angemwona. Tatizo la orodha ni kwamba inahesabu mwisho wa njia peke yake.

Nyumba yetu ya Sikukuu sasa ni ghorofa la maduka ya mapazia. Kahawa imehamia baraza la upande wa pili, na kashata zangu, nazipika mimi siku hizi, zinaletwa na mjukuu wangu wa kike. Juzi nilikwenda mwenyewe. Vijana walikuwa na simu zao, wanatazama mabao, na mmoja wao amepanga vizibo juu ya marumaru. Alikuwa amemwondoa tisa akamweka pembeni, chali. Akaniamkia, akanipisha nikae, akasema, "Shangazi, wewe ungeanza na nani hapa?"

"Mechi iliyopita huyu uliyemtoa amepata mipira mingapi?"

Alifikiri, akahesabu kwa vidole, akaanza upya. "Miwili. Na mmoja ulikuwa wa kurusha."

Nikamrudisha tisa mahali pake, nikamsogeza saba mbele kidogo, karibu na chaki.