Fahamu: Mozaiki za Zeugma na ndege aliyepoteza njia

Kama hujawahi kuiona mozaiki, ni picha inayoundwa kwa kupanga vipande vidogo vya mawe au vioo vya rangi, kimoja kimoja, mpaka sura itokee. Warumi walizitandaza sakafuni majumbani mwao, kama leo tunavyoweka vigae.

Mji uliomezwa na maji

Zeugma ulikuwa mji wa kale kando ya mto Frati, kusini-mashariki mwa Uturuki. Mwaka 2000, maji ya bwawa la Birecik yalifunika sehemu ya mji huo. Wanaakiolojia walishindana na maji, wakabandua sakafu na kuzihamishia Gaziantep, ambako jumba la makumbusho lilifunguliwa mwaka 2011. Maarufu zaidi ni sura inayoitwa "Msichana wa Kijipsi". Vipande 12 vya mozaiki yake, vilivyoibwa miaka ya 1960, vilirudishwa kutoka Marekani mwaka 2018.

Jirani yake mwenye mabawa

Mto huohuo, chini kidogo ya bwawa, kuna mji wa Birecik. Hapo ni nyumbani kwa kwarara kipara, ndege mweusi mwenye mdomo mrefu uliopinda na kichwa kisicho na manyoya. Wenyeji walimheshimu sana. Simulizi zao zinamhusisha na Nabii Nuhu, na aliporudi kila mwaka walimfanyia sherehe.

Miaka ya 1950 ikaja sumu ya wadudu, DDT. Ndege wakafa kwa wingi. Mwaka 1989 waliorudi kutoka safari yao ya kila mwaka walikuwa watatu tu.

Wanaoonekana Birecik leo wametokana na kituo cha kuwazalisha kilichoanzishwa 1977. Msimu wa kutaga wanaachiwa huru, kisha wanafungiwa bandani kabla ya muda wa kuhama, maana wakiondoka wanaweza wasirudi.

Basi kimepotea nini?

Kilichopotea ni njia. Makinda hujifunza kuhama kwa kuwafuata wakubwa. Kundi dogo lililogunduliwa karibu na Palmyra, Syria, mwaka 2002 lilikuwa bado linaijua. Vifaa vya satelaiti vilionyesha wakipita Saudi Arabia na Yemen mpaka nyanda za juu za Ethiopia, huku kwetu Afrika Mashariki. Kundi hilo nalo likaisha. Waliobaki mwituni wengi wako Morocco, na hao hawasafiri mbali hivyo.

Sakafu ya mawe ukiihamisha, picha inabaki. Ndege ukimfungia anapona, lakini njia waliyoijua wazee wake hakuna wa kumwonyesha.