Maskani Kabla ya Vitabu

Ustawi wa jamii ulipokuwa haujapata vyuo wala shahada, wanafunzi wake waliufuata kwa safari, na maandalizi waliyopewa yalikuwa maskani kabla ya vitabu. Mwaka 1884, katika Whitechapel, mashariki ya London, Kasisi Samuel Barnett na mkewe Henrietta walifungua nyumba iitwayo Toynbee Hall, ili vijana wa Oxford na Cambridge, ambao ufukara waliujua kwa kusikia tu, wahamie ujirani wa mafukara na kuamkiana nao kila siku. Toka Oxford hadi Whitechapel ni mwendo mfupi kwa gari la moshi, lakini kwa aghlabu ya vijana wale ilikuwa ughaibuni.

Jane Addams, binti wa tajiri wa Illinois, aliizuru nyumba hiyo mwaka 1888. Mwaka uliofuata, yeye na sahibu yake Ellen Gates Starr wakafungua Hull House mjini Chicago, katikati ya Waitalia, Wagiriki, Wajerumani na Wayahudi wa Urusi. Huko alikumbana na jambo ambalo hisani peke yake haikulitatua: watoto wa wahamiaji, waliokwisha kujua Kiingereza na viwanda, waliwaonea haya wazazi wao. Basi alipomwona ajuza wa Kiitalia akisokota uzi kwa mkono, kama ilivyokuwa desturi ya kwao, alipata wazo la makumbusho ya kazi za mikono, yaliyofunguliwa mwaka 1900, ambamo wazee wale walikaa kitako na kufundisha. Msichana mmoja, ambaye zamani hakukubali kuingia kwa mlango aliopitia mamaye, siku moja aliwasikia wageni wenye hadhi wakiusifu usokotaji wa mama yule, na tangu hapo wakaingia mlango mmoja. Kwa rai yangu, hakuna mhadhara wa siku zile uliomfaa mwanafunzi kuliko kuketi mbele ya mwalimu wa namna hiyo.

Edith Abbott, aliyekwenda London mwaka 1906 kutafuta ilimu ya uchumi na akakaa miongoni mwa masikini wa mashariki ya mji, alihamia Hull House mwaka 1908. Mwaka 1920 chuo kimoja cha ustawi wa jamii kiliingizwa katika Chuo Kikuu cha Chicago, na mwaka 1924 Abbott akawa mkuu wa chuo hicho cha ustawi. Akashikilia kwamba wanafunzi wasome sheria na takwimu darasani, na kadhalika wafanye kazi mitaani chini ya usimamizi.