Mkonge wa Tanga Ulilishwa na Majembe ya Buha

Historia ya mkonge wa Tanzania imezoeleka kuanzia 1893. Mwaka huo mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, na iliyofika pwani yetu ikiwa hai ilikuwa 62. Ilipandwa Kikogwe, karibu na Pangani, na humo ndimo yalimotoka mashamba yaliyokuja kufunika nchi kutoka Muheza hadi Korogwe na Mombo, kisha Morogoro, Kilosa na Lindi. Simulizi hiyo ni ya kweli, lakini inaishia kwenye mmea. Mkonge haujikati. Swali lililowakosesha walowezi usingizi kuanzia siku za mwanzo lilikuwa moja: nani ataukata?

Washambaa hawakutaka. Walikuwa na migomba yao milimani, na mazao ya kuuza yalipatikana. Serikali ya Kijerumani ilikuwa imeweka kodi ya nyumba tangu 1898, rupia 3 kwa mwaka, na haikuficha kwamba pamoja na mapato ilikusudia kuwasukuma watu kwenye kazi ya ujira. Kodi ilipoonekana haitoshi, mwaka 1907 wilaya ya Wilhelmstal, yaani Lushoto ya leo, iliwapa wanaume kadi za kuwalazimisha kumfanyia kazi Mzungu siku 30 katika kila miezi minne. Bado wengi walipendelea kulima vyao. Ndipo macho ya wenye mashamba yakageukia mbali, kwa watu ambao hawangeweza kurudi nyumbani jioni.

Hapo ndipo historia hii inapohamia Buha, na Njombe, na Songea, na ng'ambo ya Ruvuma kwa Wamakonde wa Msumbiji waliokuwa wakikimbia kazi za shuruti za Wareno. Nitakaa zaidi Buha, nchi ya Kasulu na Kibondo, kwa sababu huko mambo yanaonekana wazi kuliko kwingine.

Buha haikuzaliwa maskini. Ilikuwa na ng'ombe, ilikuwa na mvua, na jirani yake palikuwa na chumvi ya Uvinza iliyofuatwa na wafanyabiashara kutoka mbali. Kilichokosekana ni njia ya kupata shilingi ya kodi bila kuondoka. Wachaga walikuwa na kahawa na chama chao cha wakulima tangu 1925. Wahaya nao walikuwa na kahawa. Ni watu wachache sana wa Kilimanjaro au Bukoba waliojiandikisha kukata mkonge, na sababu yake haina siri: mwenye mibuni haendi Tanga. Waingereza waliopokea nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza waliliona hilo vizuri. Wilaya za pembezoni hazikuhimizwa kulima zao la biashara kama zile nyingine, huku kodi ikidaiwa humo kama kote. Reli ya kati ilikuwa imefika Kigoma tangu 1914, na kwa miongo iliyofuata mzigo mkubwa uliopakiwa humo kuelekea mashariki ulikuwa vijana.

Waliitwa manamba. Walisajiliwa, wakapimwa na daktari, wakapewa blanketi na kusafirishwa. Kwa kuwa reli ya kati na ya Tanga hazikuunganishwa hadi 1963, sehemu ya safari ilikuwa ya lori. Wakifika shambani walipewa kipande, kadi ya siku 30 za kazi iliyotakiwa kumalizwa ndani ya siku 42. Siku ambayo mtu hakumaliza kazi aliyopimiwa na nyapara haikuandikwa. Majani yalikatwa alfajiri, ncha yenye mwiba ikaondolewa, yakafungwa thelathini thelathini na kubebwa hadi relini, ambako vitoroli viliyapeleka kwenye mashine ya korona kusagwa na kubakiza singa, yaani nyuzi. Utomvu wa mkonge huwasha ngozi, na mwiba wake ukimpata mtu jichoni hausahauliki. Jioni palikuwa na kambi, mara nyingi zikigawanywa kwa makabila, na posho ya unga.

Kisha ulikuja mshahara, na hapa ndipo ninapoona kiini cha jambo zima. Mshahara wa manamba ulihesabiwa kama wa mtu asiye na familia: chakula chake mwenyewe, kodi, na kidogo cha kurudi nacho. Wakuu wa mashamba na maofisa wa serikali walisema waziwazi kwamba mke na watoto wana shamba kijijini, hivyo hawahitaji kulishwa na mwajiri. Mtoto aliyezaliwa Kasulu alilelewa, akauguzwa na kukuzwa kwa jembe la mama yake mpaka alipofaa kukata mkonge. Alipochakaa alirudishwa kwa jembe hilohilo. Shamba la mkonge lilimtumia miaka yake ya nguvu tu, na gharama nyingine zote ziliachiwa wanawake ambao hawakuwahi kuiona Tanga. Tunapotaja faida ya mkonge bila kuwataja, tunaacha nje ya hesabu kazi iliyoufanya uwe rahisi.

Na gharama ilikuwa kubwa. Kufyeka pori jipya na kujenga zilikuwa kazi za wanaume. Mume akikosekana msimu mmoja, mke aliweza kuvumilia. Akikosekana misimu mitatu, alirudia kulima udongo uliochoka, au aliomba kwa shemeji. Wapo waliorudi na nguo, baiskeli na fedha ya mahari, na heshima yao kijijini ikapanda. Wapo pia waliolowea. Neno hilo lilitosha kumaliza mjadala wa ukoo: fulani amelowea Tanga. Mke wake hakuwa mjane, na mume hakuwa naye.

Vita Kuu ya Pili ilizidisha haja ya watu. Japani ilipozitwaa Ufilipino na Java mwaka 1942, nchi zilizopigana nayo zilipoteza nyuzi za huko, na mkonge wa Tanganyika ukawa bidhaa ya kivita. Watu walichukuliwa hata kwa lazima. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chombo chao cha kuandikisha wafanyakazi, SILABU, ambacho kwa miaka ishirini kikawa jina la kawaida vijijini Kigoma na nyanda za kusini. Bei ikapaa tena wakati wa vita vya Korea, na katika miaka ya 1950 mashamba yaliajiri zaidi ya watu laki moja. SILABU ilianza kuwabeba wake na watoto pia, kwa kuwa mwenye familia kambini hakimbilii kurudi. Wanawake wakapalilia na kuanika singa kwa malipo pungufu. Watoto wao walikua wakisema Kiswahili, lugha iliyowaunganisha Muha, Mbena na Mmakonde katika mstari mmoja wa nyumba.

Waliokaa ndio waliogoma. Mgomo wa shamba la Mazinde wa 1958 ulidumu zaidi ya miezi miwili, na chama cha wafanyakazi wa mashamba chini ya Victor Mkello kikawa na nguvu ya kusikilizwa. Baada ya uhuru mishahara ilipanda na familia ikaanza kuhesabiwa. Wenye mashamba walijibu kwa kupunguza watu, na SILABU ikafungwa.

Mwaka 1964 Tanganyika ilivuna takribani tani 230,000, kiasi ambacho hakijafikiwa tena. Nyuzi za plastiki zikashusha bei, zaidi ya nusu ya mashamba yakataifishwa 1967, na kufikia miaka ya 1990 mavuno yalikuwa kama tani 20,000. Maelfu ya wazee na wajukuu wa manamba wakabaki Hale, Ngomeni, Magunga na Mazinde, katika vijiji vilivyozungukwa na mashamba yasiyo yao, bila ekari ya kulima na bila ukoo wa kurudia. Mpango wa kuwagawia wakulima wadogo sehemu za mashamba walime mkonge wao wenyewe ulianza mwishoni mwa miaka hiyo ya 1990, karibu karne moja baada ya kodi ya rupia 3.