Kuhami Joto Katika Kijumba cha Magogo

Katika bustani za nyuma za nyumba nyingi za Uingereza kuna majengo madogo ya mbao ambayo wenyewe huyaita vijumba vya magogo, ingawa gogo lenyewe halimo. Kinachoitwa gogo ni ubao uliopigwa randa kiwandani: milimita 28 za unene kwa vijumba vya bei rahisi, 44 kwa vile vya wastani, 70 kwa vya wenye uwezo. Ukingo mmoja wa ubao una ulimi, wa pili una mfereji. Ulimi wa huu huingia katika mfereji wa ule, mbao hupishana pembeni, na ukuta husimama karibu bila msumari. Mti wenyewe kwa kawaida ni sprusi, jamaa ya msonobari anayekua polepole katika misitu ya Skandinavia na Baltiki. Mtu hununua kijumba mwezi wa Mei, hukipanga mwishoni mwa wiki, huingiza meza ya kazi au baiskeli ya mazoezi, na mpaka Septemba hana neno. Novemba ikiingia, hakikaliki. Julai ya mwaka unaofuata, saa tisa alasiri, hakikaliki tena, safari hii kwa fukuto.

Dawa anayotajiwa ni insulesheni. Hivyo ndivyo mafundi wetu wengi wanavyotamka, na wanaelewana. Lakini Kiswahili cha vitabu kina neno lake, kihami, ambalo wengi wetu tulikutana nalo katika somo la umeme: shaba ni kipitishi, plastiki inayouvika waya ni kihami. Kitenzi kuhami hakikuzaliwa maabara. Kilikuwapo kwa maana ya kulinda na kukinga mtu asidhurike, asili yake ni Kiarabu, na ni ndugu wa himaya. Wanaistilahi walichofanya ni kukivalisha ki- ya kifaa na kukipeleka kwenye fizikia. Tukivuka kutoka umeme kwenda joto tunapata familia nzima: kihami joto ni kitu chenyewe, kuhami ni tendo, uhami joto ni hali ya jengo lililohamiwa.

Ila neno hili lina mshindani, tena mwenye nguvu kwa sababu anaeleweka papo hapo: kizuia baridi. Mimi sina imani naye. Baridi si kitu kinachopenya ukuta. Kinachosafiri ni joto, na daima hutoka penye joto zaidi kwenda penye joto pungufu. Mwenye kijumba anayewaza kuzuia baridi humwona adui akiwa nje, basi huziba nyufa za madirisha kwa silikoni na kuona kazi imekwisha, huku joto la hita likipita taratibu katikati ya ubao wenyewe. Kosa la pili hutokea kiangazi: kizuia baridi cha nini wakati wa jua? Kuhami hakusemi adui yuko upande gani. Chupa ya chai hulinda uji wa moto na maji ya barafu kwa ukuta uleule, na James Dewar aliyeibuni mwaka 1892 hakuwa na habari na chai; alitaka kutunza gesi alizozipoza mpaka zikawa kimiminika, zisichemke kwa joto la chumba. Neno linalofaa jengo la mwaka mzima ni lile linalofanya kazi pande zote mbili.

Kasoro yake naikubali. Masikioni uhami unakaribia mno uhamiaji, na mtu asiyelijua neno anaweza kudhani uhami joto ni joto kuhama, yaani kinyume kabisa cha kilichokusudiwa. Ndiyo maana, kwa mtu anayelisikia mara ya kwanza, ni bora kuanza na kitenzi: hami paa, hami sakafu, kuta zimehamiwa.

Sasa, ni nini hasa kinachohami? Mara nyingi ni hewa iliyotulia. Wataalamu hupima upitishaji kwa wati za joto zinazopita katika meta moja ya unene, kwa eneo la meta moja ya mraba, kwa kila nyuzijoto moja ya tofauti kati ya pande mbili. Hewa tuli ina 0.025 hivi. Sufi ya mawe, ambayo ni mwamba wa volkeno ulioyeyushwa na kusokotwa nyuzinyuzi, ina kati ya 0.035 na 0.04, kwa kuwa sehemu kubwa ya ujazo wake ni hewa iliyonaswa. Bodi ngumu za povu, zilizovikwa karatasi ya alumini kila upande, hufika 0.022, maana vitundu vyake vina gesi inayopitisha joto kidogo kuliko hewa. Kioo kina 1 hivi. Sprusi ina 0.13: bora sana kuliko kioo au zege, lakini mara tano au sita dhaifu kuliko bodi ya povu.

Hapo ndipo usemi wa wauzaji kwamba mbao zina joto lake la asili unapoanza kuvuja. Chukua kijumba cha meta 4 kwa 5, chenye meta za mraba 36 za ukuta wa milimita 44 ukiondoa madirisha na mlango. Ndani unataka nyuzijoto 20, nje ni 2. Kuta pekee hupoteza wati 1,300 hivi, yaani hita ndogo ya umeme ikiwaka bila kupumzika. Weka milimita 50 za bodi ya povu upande wa ndani na upotevu hushuka hadi wati 250 hivi. Paa ndilo linaloshangaza. Mbao zake mara nyingi ni za milimita 19 tu, juu yake tabaka jembamba la lami, na paa la meta za mraba 22 la namna hiyo hupoteza joto sawa na kuta zote nne kwa pamoja. Mwenye fedha za sehemu moja tu aanze juu.

Msomaji atauliza kwa nini basi vijumba haviuzwi vikiwa vimehamiwa tayari. Sababu moja ni sheria. Katika Uingereza yenyewe, bila kuhesabu Scotland na Wales, jengo la bustani lisilozidi meta za mraba 15 na lisilo na mahali pa kulala kwa kawaida haliguswi na kanuni za ujenzi, zile zinazoipangia nyumba ya kuishi kiwango cha joto inachoruhusiwa kupoteza. Ubao mtupu unauzwa kihalali. Sheria nyingine inabana kutoka juu: jengo likiwa ndani ya meta 2 kutoka mpakani, urefu wake usizidi meta 2.5 kama halina kibali cha mipango miji. Ukilaza bodi za povu juu ya mbao za paa, ambako ndiko mahali pake bora, unaweza kuvuka kipimo hicho. Ukiziweka chini ya mbao, mtu mrefu ataanza kuinama.

Fundi aliyezoea ukuta wa matofali hukosea kwenye ukuta wa magogo kwa sababu nyingine kabisa: ukuta huu hautulii. Mti hunywa unyevu wa hewa majira ya mvua na kuuachia majira makavu, na kutanuka kwake ni kwa upana wa ubao, karibu si kwa urefu hata kidogo. Mbao kumi na tano au ishirini zilizopandana zinajumlisha mabadiliko hayo, kwa hiyo ukuta wa meta 2 unaweza kupanda na kushuka kwa sentimeta moja au mbili ndani ya mwaka. Ndiyo sababu juu ya fremu ya mlango huachwa nafasi iliyofichwa na ubao wa urembo. Ukisimamisha papi za kushikilia kihami na kuzipigilia skurubu kwenye kila gogo kuanzia chini hadi juu, umeufunga ukuta pingu. Magogo yatakayotaka kushuka yatazuiwa, mianya itafunguka kati ya ulimi na mfereji, na upepo utapita mahali ambapo mwanzoni haukupita. Papi zishikwe kwa vyuma vyenye tundu refu, skurubu iweze kuteleza, au fremu ya ndani isimame kwa miguu yake kutoka sakafuni na juu iachiwe nafasi.

Jambo la pili ni mvuke, na hapa neno kihami peke yake halitoshi. Meta moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzijoto 20 inaweza kubeba gramu 17 hivi za mvuke. Ikipoa hadi sifuri haiwezi kubeba hata gramu 5. Mtu aliyeketi anafanya kazi hutoa makumi ya gramu kila saa kwa pumzi na jasho, na birika la chai huongeza lake. Hewa hiyo ikipenya katika kihami na kufika nyuma yake, ambako gogo sasa ni baridi kuliko lilivyokuwa kabla ya kuhamiwa, mvuke hugeuka maji. Hewa ya nyuzijoto 20 yenye unyevu wa asilimia 60 huanza kutoa maji ikigusa kitu chenye nyuzijoto 12, na gogo la Januari liko chini ya hapo. Matokeo ni kuvu, na baadaye ubao kuoza kwa siri nyuma ya plaiwudi nzuri iliyopakwa rangi. Kijumba kilichokaa miaka kadhaa kikiwa na baridi tu kinaweza kuharibika baada ya mwenyewe kukihudumia.

Kwa hiyo kihami joto kinahitaji mwenzake, na kwa Kiswahili naona kizuizi cha mvuke kinatosha bila kubuni neno jipya. Ni karatasi ya plastiki inayotandazwa upande wa ndani wa kihami, yaani upande wa joto, viungo vyake vikibandikwa kwa utepe. Bodi za povu zenye alumini zinaweza kuwa kizuizi zenyewe mradi mianya kati yake ibandikwe. Nyuma ya kihami iachwe nafasi ya milimita 25 hivi, hewa ya nje iingie chini na kutoka juu, gogo likauke. Wanaobana kihami kwenye gogo bila nafasi kwa kutaka kuokoa sentimeta mbili na nusu za chumba wanaokoa mahali pasipostahili. Na ndani bado panahitaji tundu la kupitisha hewa, kwa sababu kijumba kisichovuja hakina njia nyingine ya kutoa pumzi za watu.

Kuna mahali pengine padogo ambapo joto hujipenyeza pembeni mwa kihami: ubao wa paa unaotoka ndani hadi nje, fremu ya dirisha, skurubu ndefu ya chuma. Wajenzi huita kila njia ya namna hiyo daraja la joto, na tafsiri hii inaeleweka bila maelezo. Kwenye sakafu dawa ni kuweka bodi kati ya mihimili kabla ya kupigilia mbao za kukanyagia. Baadaye ni kubomoa tu. Vioo vya tabaka moja vibadilishwe kwa vya tabaka mbili, ambavyo huhami kwa hewa au gesi iliyofungwa katikati.

Kuna pia pale kihami cha umeme kinapokutana na kihami joto, na hapo jina moja linapaswa kumgutusha fundi. Waya unaopita umeme hupata joto, na plastiki iliyouvika hustahimili kiasi fulani tu. Ukiuzika katikati ya sufi au povu, joto lake halina pa kwenda. Kanuni za umeme za Uingereza hutaka waya uliozungukwa na kihami kwa nusu meta au zaidi uhesabiwe kuwa na nusu tu ya uwezo wake wa kawaida. Fundi mwangalifu huupitisha upande wa chumba, mbele ya kihami, au huchagua waya mnene zaidi. Povu jeupe jepesi, lile la kufungashia televisheni, lina ubaya wake mwingine: likigusana na plastiki ya waya kwa muda mrefu huinyonya ulaini wake, nayo huwa ngumu na kupasuka.

Tukirudi kwenye fukuto la Julai, kuhami husaidia sana paa, lakini kuna joto ambalo kihami hakilioni. Kila meta ya mraba ya kioo inayopigwa na jua moja kwa moja inaweza kuingiza wati mia kadhaa, na vijumba vingi vina milango mipana ya kioo inayotazama bustani. Joto hilo likishaingia, kihami kilekile kinalizuia kutoka. Nyumba za mawe za Lamu na Mji Mkongwe hupambana na jua kwa njia tofauti: kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa hazihami vizuri, ila ni nzito, hivyo hulinywa joto la mchana polepole na kulitoa usiku. Kijumba cha mbao hakina uzito huo wa kukopa. Kinachobaki ni kufungua madirisha mawili yanayokabiliana, na kuwamba turubai au kujenga kibaraza nje ya mlango wa kioo. Pazia la ndani halifanyi kazi hiyo, kwa kuwa jua likilifikia limekwisha kupita kioo.