Daftari la Uzazi: Gharama Halisi ya Haki katika Utafiti wa Afya Lubumbashi

Mjadala kuhusu haki katika tafiti za afya zinazowaunganisha wasomi wa Ulaya na wa Afrika umekwama kwenye majina: nani ametajwa kwanza, nani amefichwa katikati, nani ameishia kushukuriwa tu. Chanzo chake kinaeleweka. Mwaka 1976 daktari Mkongomani Jean-Jacques Muyembe alichukua damu ya wagonjwa huko Yambuku bila glavu, na kwa miaka mingi habari ya kugunduliwa kwa virusi vya Ebola ikasimuliwa kana kwamba ilianzia Antwerp, Ubelgiji. Lakini Lubumbashi, jiji la migodi katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, inaonyesha kwamba majina yanaweza kupangwa vizuri na haki ikabaki mbali.

Chukua ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na KU Leuven ya Ubelgiji. Mwaka 2009 Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Lubumbashi, pamoja na Benoit Nemery wa Leuven na wenzao, walichapisha vipimo vya mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyushia madini Katanga. Kiwango cha kobalti kilipita vyote vilivyowahi kuripotiwa kwa raia wa kawaida. Mwaka 2018 wakatoa matokeo ya Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambako watu walichimba kobalti hadi chini ya nyumba zao: mkojo wa watoto wa hapo ulikuwa na kobalti takriban mara 10 ya ule wa watoto wa kwingine. Katika makala zote mbili jina la kwanza ni la Mkongomani. Kwa chuo kilichofunguliwa na wakoloni mwaka 1956, si jambo dogo.

Makala ya tatu ndiyo inayofunua kasoro. Ilitoka mwaka 2020 katika jarida la The Lancet Planetary Health, na iliwalinganisha watoto 138 waliozaliwa Lubumbashi na kasoro za mwili zinazoonekana na 108 waliozaliwa bila kasoro, kati ya 2013 na 2015. Kasoro hizo zilihusiana na kazi ya baba katika madini, kwa uwiano wa uwezekano wa 5.5. Hapo vichwa vya habari husimama. Msomaji makini huendelea hadi kwenye mipaka ya makadirio: kati ya 1.2 na 25. Mpaka wa chini unasema hatari imeongezeka kidogo tu. Wa juu unasema ni balaa. Tena, madini yaliyopimwa kwa mama, katika damu ya kitovu, kwenye kondo na katika vumbi la nyumbani hayakutofautiana baina ya makundi hayo mawili, isipokuwa manganizi na zinki katika damu ya kitovu. Je, baba huleta sumu nyumbani kwa nguo za kazi, au mbegu zake ndizo zinazodhurika? Takwimu hizo haziwezi kujibu.

Mipaka hiyo kupanuka kiasi hicho si uzembe wa watafiti. Kasoro za aina moja moja ni nadra, na akina baba wachimbaji waliomo katika kundi la watu mia mbili na ushee ni wachache. Dawa yake inajulikana: daftari la kudumu la uzazi, ambamo kila hospitali na kila zahanati ya jiji inaandika mtoto aliyezaliwa, hali yake na kazi ya wazazi wake, mwaka baada ya mwaka. Huko Ulaya madaftari ya namna hiyo yapo tangu miaka ya 1960, na hakuna anayeyaita ugunduzi. Ni kazi ya kuchosha, isiyompa mtu shahada ya uzamivu. Mradi wa miaka mitatu hauwezi kuilipia, kwa sababu mkunga anayeandika leo atahitaji mshahara hata mfadhili akishafunga hesabu zake. Kwa hiyo mashaka yaliyomo katika makala ile nayo ni tunda la ukosefu wa usawa, na yanawafaa sana wale wanaopenda kusema kwamba ushahidi bado hautoshi.

Fedha zitoke wapi? Wengi wetu tunageukia Brussels kwa mazoea. Mimi naona jibu liko karibu zaidi. Kongo inatoa takriban asilimia 70 ya kobalti ya dunia. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inaipa serikali ya jimbo asilimia 25 ya mrabaha na mamlaka za mahali asilimia 15; pia inazitaka kampuni kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazozizunguka. Sehemu ndogo tu ya mafungu hayo ingewalipa waandishi wa daftari na kuendesha maabara ya kupima madini hapa hapa, badala ya kusafirisha chupa za mkojo hadi Ubelgiji.

Kuna pingamizi la kweli: daftari linalolipiwa na migodi laweza kuandikwa kwa kalamu ya migodi. Ndiyo maana ningetaka fedha hizo zipitie bajeti ya umma na takwimu zishikwe na chuo, huku Leuven ikipewa kazi ambayo mshirika wa mbali anaifanya vizuri kuliko wa karibu: kurudia vipimo kwa sampuli chache kila mwaka na kutangaza hadharani pale majibu yanapopishana.